Sakafu Iliyoliwa na Maziwa

Mwashi huyu walimwita Kiraka, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuziba mashimo kwenye sakafu ya kiwanda cha maziwa. Maziwa yakimwagika huchacha, na uchachu ule ni asidi inayokula saruji kama mchwa anavyokula boriti. Akiziba huku, kule kunachimbika.

Hakuona ubaya, kazi ni kazi, mpaka siku shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwosha madebe wa pale kiwandani, alipotumbukiza mguu shimoni na kuvunjika kifundo.

"Shemeji," alimtania akiwa kitandani hospitalini, "lile shimo uliliziba au ulilitega?"

Wote walicheka. Kiraka peke yake hakucheka; aliazimia kutafuta zege lisiloliwa na uchachu.

Aliwahi kusikia kwamba majivu ya pumba za mpunga huipa saruji nguvu. Akazichoma gunia zima uani, majivu yakachukua nafasi ya sehemu ya saruji. Akatia na nyuzi alizofumua kwenye magunia ya plastiki, zishikilie zege lisipasuke. Akatengeneza vibonge kwenye makopo, akavizamisha kwenye ndoo ya siki. Wiki ya tatu vilimomonyoka kama mkate mkavu.

"Nyumba nzima inanuka siki, na wewe umenuna," mkewe alisema. "Mficha uchi hazai. Nenda kaulize wanaojua."

Alikwenda chuo cha ufundi, kibonge mfukoni. Mwalimu wa maabara alikivunja, akautazama weusi wake.

"Mzee wangu, haya si majivu, ni makaa. Umeuharakisha moto. Choma polepole yatoke ya kijivu, yasage yawe laini kama poda. Na uyapunguze."

Akaanza upya, safari hii akitengeneza na kibonge cha saruji tupu cha kulinganishia, akipima kila kimoja kwa mizani ya jikoni. Baada ya miezi mitatu ndani ya siki, kile cha saruji tupu kilikuwa kimepungua karibu robo. Chenye majivu na nyuzi kililambwa juu juu tu. Akavifunga vyote kwenye kitambaa, akampelekea meneja.

Meneja alivigonga kwa funguo. Kile cha saruji tupu kikamwaga unga mezani.

"Nakupa mita mbili, pale chini ya bomba la kuoshea madebe. Ikidumu pale, itadumu popote."

Kiraka alimwaga zege, akalifunika kwa magunia mabichi wiki nne, akifukuza watu kama kuku wanaonyemelea mtama.

Mwaka ukapita. Viraka vya jirani vilichimbika mara mbili. Chini ya bomba, kokoto zilichungulia kidogo pembezoni, basi. Shemeji mtu, aliyekwisha kurudi kazini, alisimama pale na kuruka kwa miguu yote miwili.

"We! Taratibu!"

"Naijaribu, shemeji. Wewe ulijaribu kwa siki, mimi najaribu kwa kilo themanini!"

Wiki hiyohiyo meneja aliagiza sakafu ya chumba kizima ibomolewe. Kiraka akaenda kuonana na wenye mashine ya kukoboa mpunga. Sasa alihitaji pumba za kujaza lori.