Kondoo wa Fainali

Nilikuwa shabiki wa timu ya chuo cha ualimu wakati hata wachezaji wenyewe walikuwa hawajiamini. Niliwapelekea viazi jikoni kutoka shambani kwetu Mweiga, na gunia likishapokelewa sikuwa na haraka ya kurudi. Nilikaa kando ya uwanja nikiwatazama wakifungwa. Walifungwa jua likiwaka, walifungwa ukungu umeshuka hadi golikipa haonekani. Wakipata droo ilikuwa sherehe. Lakini walicheza wakicheka, na mmoja akianguka mwenzake alimwinua, nami nikawapenda. Ukipenda chongo huita kengeza.

Mume wangu alinicheka miaka yote hiyo. Kabla sijatua kikapu ananiuliza, "Leo watoto wako wamefungwa ngapi?"

Mwaka huo wa sabini na kitu nilikuwa mjamzito, na yeye, kama ilivyo desturi yetu, alikuwa akinenepesha kondoo dume kwenye pembe ya nyumba. Kondoo wa namna hiyo haendi malishoni. Huletewa majani ya viazi vitamu hadi mkia uwe mzito, na mama akijifungua huchinjiwa, anywe supu apate nguvu. Yule alikuwa wangu. Nilikuwa nikimtazama nikimeza mate.

Basi timu ikashinda mechi yake ya kwanza ya kombe la vyuo, nikaja nyumbani naimba. Mume wangu alikuwa akinywa chai na ndugu zake.

"Sikiza, mama watoto," akasema. "Hao wako wakichukua kombe, nitawachinjia huyo kondoo."

Wakacheka wote. Ati nitawachinjia. Kwetu, mtu akishamtaja mnyama mbele ya mashahidi, ameshamtoa. Alilijua hilo vizuri, ila hakuona hatari yoyote.

Wakashinda tena. Wakashinda nusu fainali. Kicheko kikaisha nyumbani, akaanza kuniulizia hali ya golikipa kwa sauti ya chini, kama anaulizia mgonjwa.

Fainali ilichezewa mjini Nyeri, dhidi ya chuo kimoja cha upande wa Meru kilichozoea makombe. Mume wangu alisema atanisindikiza kwa sababu ya hali yangu. Uongo mtupu. Alikuja kumwombea kondoo. Mimi mwenyewe njia nzima nilijiuliza ninataka nini. Nikijifungua bila ile supu, nguvu nitazitoa wapi, na mama mkwe nitamwambia nini? Lakini mpira ulipowekwa katikati, supu niliisahau.

Tulifungwa mapema. Mume wangu akakunja mikono, ametulia kabisa. Kipindi cha pili tukasawazisha kwa kona, mvua ikaanza, na mechi ikiwa karibu kwisha winga wetu akaupata mpira. Huyu alikuwa na kawaida ya kujikwaa mwenyewe. Akampiga mmoja chenga, akampiga wa pili, na mtu kando yangu akaanza kupayuka, "Peleka, kijana, peleka, piga sasa!" Nikageuka kuona ni nani. Alikuwa mume wangu. Kofia yake ilikuwa imeanguka matopeni na alikuwa ameikanyaga.

Mpira ulipoingia wavuni alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Kisha akaniachilia ghafla. Nikajua amekumbuka.

Kesho yake alimfunga kondoo kamba, tukashika njia ya chuoni. Nikamwambia bado anaweza kusema ulikuwa mzaha, vijana hawakumsikia.

"Ndugu zangu walisikia," akasema. Tulipotembea kidogo akaongeza, "Na lile bao, wacha tu."

Vijana walichinja nyuma ya jikoni. Supu ilipoiva mume wangu akawaeleza kondoo yule alikuwa amenoneshwa kwa ajili ya nani. Wakalitazama tumbo langu. Nahodha akaenda bwenini, akarudi na kombe, akalipangusa kwa shati lake na kulijaza supu ya kwanza kabla mtu yeyote hajaonja. Lilikuwa zito na la moto, ikabidi mume wangu anishikie upande mmoja. Nilikuwa na furaha hadi machozi yakanitoka, na sikujificha. Ile supu ilikuwa na ladha ya dawa ya kung'arishia vyuma. Niliinywa yote.