Mikono Miwili, Kidole Kimoja

"Mpango wa Kuharakisha Huduma kwa Mwananchi" ulitekelezwa Jumanne katika ofisi moja hapa Nyeri, kwa bisibisi. Fundi alichomeka kipande cha pili cha memori kwenye kompyuta ya karani, ili data ipite njia mbili. Mama kutoka Tetu, aliyetaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto kabla shule haijafunga usajili jioni hiyo, akauliza faida yake.

"Mathe, ni kama kukamua ng'ombe na mikono mbili," fundi akamjibu.

Kompyuta iliwaka upesi kidogo, nakiri. Kisha karani akaanza kutafuta herufi za jina, moja moja, kama anayeokota mchele.

"Ati mikono mbili?" mama akaguna. "Na huyu anakamua na kidole!"

Cheti kilitoka. Usajili ulikuwa umefungwa.