Marehemu wa Kidato cha Nne

Mimi hadi leo nikipita ule msikiti wetu wa Dunda navuta kofia mpaka kwenye nyusi na kujifanya nasoma simu, na kama na wewe ulikuwepo siku ile basi nakuomba unicheke kimyakimya, maana aibu niliyoipata ilinitosha mimi na wajukuu ambao bado sijawapata.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira hakuna, nikaona bora niwasaidie vijana wa kidato cha nne wa pale mtaani kujiandaa na mtihani wa fasihi ya Kiingereza, uwanjani kwa shangazi yangu. Vijana wazuri, ila ile tamthilia waliyopangiwa ilikuwa haiwaingii, hasa Hamisi. Baba yake, Mzee Salum, ana duka la vifaa vya ujenzi kule Zinga, na alikwishaniambia waziwazi kwamba haoni faida ya mtoto kukariri maneno ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa, wiki ile ikiisha anamtoa akauze misumari, mambo ya mtihani baadaye. Kila siku Hamisi alikuwa akinijia na macho ya mbuzi aliyefungwa kusubiri Idi. Nilimwonea huruma kwelikweli, na huruma ndiyo iliyoniponza.

Nikasema tuigize, mtu akishaigiza hasahau. Onyesho lenyewe, chifu ameuawa na mdogo wake, analetwa amebebwa, anatuliwa mbele ya wazee, kisha anafufuka na kutoa hotuba ndefu ya kumtaja muuaji. Hamisi nikamfanya chifu kwa sababu hiyo hotuba ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Tukachukua kitanda cha kamba cha shangazi, tukamlaza, tukamfunika gubigubi kwa shuka jeupe (la shangazi pia, ambaye alikuwa amekwenda Mbegani kumjulia hali mgonjwa, na laiti angekuwepo tusingefika huko tulikofika). Nikamwonya, "Usitikisike, hata nzi akikutulia puani. Ukisikia umetuliwa chini tu, inuka, anza."

"Sawa, mwalimu."

Sasa uwanja ulikuwa umejaa kamba za nguo zilizoanikwa, nikasema tutoke hapo nje kidogo, halafu tuingie naye kwa mlango, ndiyo inapendeza. Uamuzi wenyewe ni huo tu. Tukatoka, vijana wanne wamebeba, Zuwena aliyekuwa mke wa chifu analia nyuma yao (yule binti anajua kulia, hata mimi nilisisimka), na ndiyo kwanza watu wanapita wakitoka msikitini kuswali alasiri.

Ninyi mnatujua. Mtu wa kwetu akiona jeneza linapita haulizi ni nani wala kafa lini wala mbona halikutangazwa, anatanguliza bega, maswali baadaye. Na vijana wetu wamefunzwa adabu, mzee akinyoosha mkono akupokee mzigo, unampa. Kufumba na kufumbua kitanda kiko mabegani mwa wazee. Na jeneza kwetu halitembezwi, linaharakishwa.

Mzee mmoja akanishika mkono. "Pole sana, mwalimu."

Mdomo wangu, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukajibu, "Tumeshapoa."

Hapo nikawa nimeuthibitisha msiba. Nilipozinduka nikakimbia nyuma yao napiga kelele kwamba jamani mtueni, hajafa. Wanaume wawili wakanishika, mmoja kila upande, kwa upole mno.

"Subira, mwalimu," akasema wa kwanza. "Sote njia yetu hiyohiyo."

Nikasema ni mzima, anapumua, mkimfunua mtaona. Wakatazamana kwa huzuni.

"Hata mimi mama alipofariki nilisema hivyohivyo," akasema wa pili, akaanza kulia, ikabidi nimbembeleze mimi.

Huko mbele tahalili zimepamba moto, sauti yangu haifiki popote, madereva wa bodaboda wameegesha pikipiki na kuingia msafarani, na kwenye tendegu la mbele, bega la kulia, namwona nani? Mzee Salum, ambaye Ijumaa kama ile hafungui duka. Ameinamisha kichwa, anaomba dua, jasho linamtiririka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua Hamisi kesho yuko kwenye misumari, basi tena, na mimi ndiye niliyempeleka.

Na Hamisi mwenyewe? Kimya. Nilimwambia asitikisike, hakutikisika (baadaye aliniambia alisikia tahalili akadhani nimeongeza waigizaji, akafurahi kwamba mwalimu amejitahidi).

Wakafika uwanja wa msikiti kumswalia, wakakitua kitanda taratibu. Hamisi akainuka.

Shuka likamteremka hadi kiunoni, akanyoosha mkono, akaanza kwa Kiingereza kilichonyooka, sauti nzito, kwamba ametoka kuzimu na hatapumzika mpaka muuaji wake ajulikane, na kidole kikawa kimemwelekea muuza kahawa. Sijapata kuona watu wazima wakikimbia namna ile. Makubadhi yalibaki yamezagaa, muuza kahawa akajifungia chooni, na wale walionishika sikujua hata wameelekea wapi. Hamisi hakukatisha, hotuba iliyomshinda mwezi mzima aliitoa yote mpaka nukta ya mwisho, ndipo akatazama mahali alipo.

Aliyebaki ni baba yake peke yake. Alikuwa amekaa mchangani, akamvuta mwanawe, akamshika uso, masikio, kifua, kama anayekagua mzigo ulioshushwa dukani.

"Njia nzima nimekuombea maghufira," akasema. "Nasema Mungu amsamehe mja wake huyu. Kumbe mja mwenyewe ni wewe."

Akalia, Hamisi naye akalia, mimi nilikuwa nimeshaanza tangu kule nyuma.

Kisha akanigeukia. Nilijiandaa kwa kofi, na lilikuwa haki yake.

"Mwalimu," akasema, "kesho atakuja kusoma, na keshokutwa, na mtihani ataufanya." Akajifuta uso kwa upindo wa kanzu. "Lakini nataka afundishwe amekaa kwenye kiti."

Na ndivyo ninavyofundisha hadi leo, wote wamekaa, mlango umefungwa, na akifa mtu kwenye tamthilia tunasoma tu kwamba amekufa, tunafunua ukurasa unaofuata.