Mlango wa Tanuri la Fernande

Hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Shangazi yangu Fernande aliingia kwenye banda letu la kuchemshia shira kule Beauce, theluji ikianza kulainika, akatukuta mimi na baba ndani, na mlango wa tanuri umeng'olewa. Mahali pake palikuwa na bamba jipya la chuma, na katikati ya bamba kichomeo cha mafuta kilinguruma peke yake.

Tangu alipoachishwa shule ili amuuguze mama yake, moto wa banda hili ulikuwa wake. Majira ya joto alipasua kuni na kuzipanga zikauke. Utomvu wa miti ya mepli, unaochemshwa mpaka uwe shira, ulipoanza kutiririka, alisimama mbele ya mlango ule, uso umemwiva, akijua gogo lipi liingie na lini ili karai la utomvu juu ya tanuri lisiache kuchemka. Baba yangu, Rosaire, mdogo wake, alifundishwa na babu kazi ya upande wa pili: kutazama shira na kufungua koki ya karai inapoiva. Majirani waliokuja kuonja walimsifu baba. Shira ya Rosaire, walisema. Kana kwamba ilijichemsha yenyewe!

"Nimefikiria mgongo wako, dada," baba alisema.

"Mgongo wangu umekulalamikia lini?"

"Sasa utapumzika. Kaa pale, upige soga na wageni."

"Na mimi nimekuwa mgeni?"

"Mambo yamebadilika. Siku hizi ni swichi tu."

"Vizuri. Kama swichi imechukua kazi yangu, nipe yako."

Baba alicheka. Fernande hakucheka. Aliutungua upawa ukutani, akaketi kwenye kigoda cha baba kando ya koki.

"Toka hapo, bwana! Hiyo kazi ina mwenyewe."

"Na hii," alisema akilinyooshea bamba kidole, "haikuwa na mwenyewe?"

Baba akapandwa na hasira, akabonyeza swichi. Moto ukazimika papo hapo. Enzi za kuni asingeweza kufanya hivyo. Moto wa Fernande haukuzimwa na mtu kwa sababu tu amekasirika. Haya ndiyo tuliyoambiwa ni maendeleo! Povu likazama, karai likanyamaza, tukasikia utomvu mpya ukimiminika kwenye tangi lililokaribia kujaa. Utomvu ukikaa huchacha, na sisi sote watatu tulilijua hilo.

"Utaharibika," baba alisema.

"Umezima wewe."

"Dada, usiniaibishe mbele ya binti yangu."

"Acha aone. Ndiye atakayerithi hiyo swichi yako."

Baba alichungulia tangi. Akarudi, akabonyeza tena bila kumtazama mtu. Karai lilipochemka sawasawa, Fernande alichovya upawa, akauinua. Matone. Akasubiri, akachovya tena. Matone bado. Baba alikuwa anauma midomo. Baadaye shira ikateleza ukingoni mwa upawa ikiwa pana kama kitambaa, dalili kwamba imeiva, na Fernande akafungua koki.

"Umewahi mno," baba alisema.

"Wapi! Nimekutazama miaka yote, Rosaire, wewe ndiye hukuwahi kunitazama. Leta chujio, inamwagika."

Baba alisimama kidogo, mikono haina kazi. Kisha akachukua kitambaa cha kuchujia, akakitandaza juu ya ndoo iliyo chini ya koki, Fernande akashika upande mmoja.

"Kaza huko kwako," Fernande alisema.

Akakaza.