Sinema ya Kijerumani na Jibu Langu

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, lakini kazi zangu hazikuwa na mwisho. Mama alikuwa hajiwezi kitandani, na makumbi yote ya nazi yalikuwa juu yangu: kuyafukua matopeni pwani, kuyaponda, kuyasokota kamba. Hapo ndipo mgane mmoja wa Utange akaleta posa. Alikuwa na watoto watano wadogo. Sikumchukia. Nilichoka tu, hata kabla sijafika kwake.

Jioni moja ikaletwa sinema uwanjani Shika Adabu, kwetu Likoni. Shuka ikatundikwa, wanaume wakakaa mbele, sisi wanawake nyuma ya shuka, tukiona picha kinyume, kila mtu akitumia mkono wa kushoto. Sinema yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, ya nyimbo na mapenzi. Mzee mmoja aliyewahi kuwapikia Wajerumani huko Tanga alisimama kutufasiria. Wakizungumza, alifasiri. Wakiimba, alisema, "Wanaimba," akanyamaza. Na waliimba, jamani, hawakuchoka.

Msichana alimpenda askari, lakini babake alitaka kumwoza bwana mnene mwenye mali. Basi msichana akapanda juu ya meza, akaimba kwa mikono na macho. "Anakataa," mzee akafasiri. Baba mtu akacheka, akamwoza yule askari wake. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nililia kidogo, kwa wivu.

Asubuhi baba akanijia uani, nami naponda makumbi.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Hata Wajerumani huwauliza binti zao. Basi nami nakuuliza. Huyu bwana wa Utange, wamtaka?"

Baba hakuwahi kuniuliza jambo lolote. Nilitaka kusema simtaki, lakini kwa namna isiyomvunjia heshima. Nikawa nayatafuta maneno, na mwili wote umechoka, maneno hayaji. Nilibaki na rungu mkononi, kichwa nimeinamisha. Na kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, huwa amekubali.

"Alhamdulillahi," baba akasema, akaenda zake. Shangazi, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni, alipiga kigelegele kabla sijainua uso.

Wale watano niliwalea, na wangu wanne. Baba alikufa akijisifu barazani kwamba katika wazee wote wa Likoni, ni yeye peke yake aliyemuuliza bintiye kwanza.