Niliacha sukari Kwaresima nzima, sukari ya damu ikapanda: mwalimu wa chimie mbele ya bundu

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mutanivumilia. Nawaletea mambo yaliyonipata mimi mwenyewe, na sikupunguza hata pale panaponiaibisha. Mukicheka ni sawa, bibi yangu, mama ya batoto bangu, alicheka wa kwanza.

Mimi ni mwalimu wa chimie, yaani kemia, ku secondaire. Miaka mingi naandika glucose, insuline na amidon, ule wanga wa vyakula, ku tableau, mpaka chaki imenikausha vidole.

Mwaka uliopita nikaanza kunywa maji ovyo na kwenda haja ndogo bila kupumzika. Mais kilichonitisha kabisa ni macho.

Copies za batoto, majibu yao ya mutihani, zilikuwa ukungu mutupu. Nilikuwa natia points kwa kubahatisha, Mungu anisamehe. Kuna kijana mumoja alipata nyingi sana, naye alinyamaza.

Mwalimu asiyeona copies atafanya kazi gani? Niliogopa, wakuu. Macho yakienda, na kazi inaenda.

Muganga akapima damu, akasema diabète, ile tunaita maladi ya sukari. Akanipa dawa na karatasi ya mambo ya chakula. Dawa nikameza. Karatasi nikaikunja, nikaitia mu mufuko bila kuisoma. Mimi mutu wa chimie, nisomeshwe na karatasi?

Nikafika nyumbani nikatangaza: sukari imefukuzwa. Chai bila sukari, beignets, yaani maandazi, hapana, jus hapana. Kwaresima ilikuwa inaanza, donc nikamutolea Mungu hiyo sukari kama sadaka. Nikajiona mutakatifu kidogo.

Na kwa sababu ya njaa, nikaongeza bundu.

Kwa wasiojua, bundu ni ugali wetu wa muhogo. Kwetu Banande, mutu anaweza kula viazi, ndizi na maharage mpaka ashibe, bado atauliza chakula kiko wapi, juu hajaona bundu. Bibi yangu alikuwa ananiwekea mulima. "Kula upate nguvu, sukari si umeacha."

Pasaka ikafika, nikapima tena. Sukari imepanda! Ukungu umezidi. Nikakasirikia mashine.

Wiki hiyo nikashuka Beni kumuona dada yangu, anakaa Bungulu. Jirani yake ni infirmière, muuguzi wa hospitali, na kumbe nilimufundisha zamani. Nikamulalamikia ile mashine ya Butembo. Akaniuliza nakula nini. Nikajibu kwa majivuno: bundu na samaki, sukari hata punje.

Kisha akamuomba dada yangu tonge moja la bundu, akaniwekea mu mukono.

"Mwalimu, tia mu kinywa. Tafuna. Usimeze."

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Bundu haitafunwi. Tangu utoto tunafinyanga tonge, tunachovya mu mboga, tunameza. Ukitafuna bundu mbele ya batu, banakuona mugeni, ao banafikiri meno yanakuuma. Miaka yote hiyo ulimi wangu ulikuwa haujaonja bundu yenyewe, ulijua mboga tu.

Nikatafuna. Mwanzo hakuna kitu. Dada yangu alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Nikaendelea mpaka taya zikachoka, na pole pole utamu ukaanza kutoka.

"Ni tamu," nikasema.

"Mwalimu, amidon ni nini?"

Haya ilinishika mpaka masikio. Swali hilo mimi ndiye nilimuulizaga yeye ku examen, tena nilimunyimaga points.

Amidon ni munyororo mrefu wa glucose zilizoshikana mikono. Ukiwa munyororo, ulimi hautambui utamu. Mate yana enzyme inaitwa amylase, inaukata vipande, ndiyo ule utamu. Sisi tusiotafuna, kazi yote inafanyika mu utumbo, na glucose inamwagika mu damu bila ulimi kupewa habari.

Hapo ndipo insuline inatakiwa. Inafika ku selule, zile chembe za mwili, inakamata kipokezi chake pale nje, ujumbe unapita ndani, vimilango vinatokea, glucose inaingia. Mais kwa mutu kama mimi, mafuta yamejaa ndani ya selule za misuli na za maini, ujumbe unapotelea njiani. Insuline inapiga hodi, hakuna wa kufungua. Glucose inabaki mu damu. Ingine inaingia mu lensi ya jicho, inavuta maji, lensi inabadilika umbo. Ukungu wangu ulikuwa huo, na mashine haikuwa na kosa.

Nikarudi Butembo, nikaisoma ile karatasi. Yote yalikuwa yameandikwa.

Bundu tukaipunguza nusu. Maharage na mboga ya lengalenga vikaongezwa, juu nyuzi zake zinachelewesha glucose kuingia. Dawa sikuacha. Ku masomo kufundisha naenda na miguu, bamotari ba pikipiki banafikiri nimekuwa bahili.

Kazi ngumu ilibaki Kipese, kwa mama mukwe. Mukwe anayekula kidogo anadharau nyumba, hiyo kila mutu anaijua. Akaleta mulima wa bundu, akakaa kuniangalia.

Nikamuomba heshima moja: mama, tafuna tonge moja, usimeze upesi. Akaniona kichaa, mais akatafuna. Nikamungojea.

Akasimamisha taya.

"Hii ni tamu."

"Ndiyo, mama. Ni sukari."

Baba mukwe alikufaga na maladi hii hii, mbele sijaoa. Mama akaangalia ule mulima wa bundu. "Tulimufichia sukari," akasema. "Na bundu nilimuongezea mimi mwenyewe, apate nguvu."

Nilimwambia hakuna aliyejua. Ni kweli, mais haikumusaidia sana.

Kisha akavuta sahani yangu, akakata bundu kwa mukono wake, akabakisha kipande kama ngumi, akajaza maharage. "Wewe utazeeka hapa," akasema. "Kula."

Nilikula yote, wakuu. Leo sukari imeshuka na copies nazisoma mwenyewe, yule kijana analia.

Bundu si adui, wingi wake ndio ulinishinda. Na ukipewa karatasi, isome, hata kama una diplôme.

Na kwenu je, ni chakula gani munameza bila kukiuliza swali? Semeni hapa chini, na mwenye mama mukwe mukali aseme alitumia njia gani. Wasingya, ndiyo asante ya kwetu.