Wimbo wenye ulikatika

Leo niliingia pahali, bamama bote bakanyamaza.

Nilipeleka binti yetu ku santre ya afya kupima kilo. Bibi yangu, mama yake, anaendesha camion ya mizigo kule Ruashi, leo iko ku kazi. Nikafunga mutoto ku mugongo na kikwembe ya mama yake.

Inje, nikasikia bamama banaimba na kupiga makofi. Mutoto akaanza kucheza.

Nikafungua mulango. Wimbo ukakatika.

"Papa, pole. Mama ya mutoto alikufa?" infirmière mwenye kupima batoto akaniuliza, na huruma ya kweli.

"Hapana, mama. Iko ku kazi."

Huruma ikaisha palepale 😅

Ku redio banasema kila siku: bababa basaidie. Hakuna mwenye alisema baba ataikala wapi. Niliikala ku banc, bamama balisogea mpaka ku mwisho. Hakuna mwenye alinitukana, e! Hakuna hata mwenye alinisemesha.

Kilo iko muzuri. Tukatoka, na nyuma yetu wimbo ukaanza tena.

Sasa tuko ku nyumba, sisi wawili. Mutoto anapiga makofi, anataka niimbe. Najua mustari moja tu, ule nilisikia mbele ya kufungua mulango.

Bamama ba humu ku groupe, muniandikie mistari yenye inabakia.